Baroni wa Kijerumani aliyeangamia mtoni Juba

KATIKA vichaka vya miiba vya Bute, kaskazini mwa Wajir, na katika nyika zinazoteremka hadi Garissa, huishi hondohondo ambaye dume lake lina mdomo mwekundu wenye ncha ya rangi ya pembe ya ndovu. Wataalamu wa ndege walimpa jina la Mjerumani, Baroni Karl Klaus von der Decken. Baroni huyo aliuawa na Wasomali mjini Bardera mwaka wa 1865, takriban miaka 20 kabla ya mataifa ya Ulaya kuanza kugawana Afrika Mashariki.

Von der Decken alizaliwa mwaka wa 1833 huko Kotzen, Brandenburg, katika ukoo wa makabaila. Alitumikia jeshi la Hanover, kisha akaacha upanga na kushika safari.

Mwaka wa 1860 alifika Unguja akinuia kuungana na Mjerumani mwenzake, Albrecht Roscher. Kumbe Roscher alikuwa amekwisha kuuawa karibu na Ziwa Nyasa. Baroni alijaribu kulifikia ziwa hilo kutoka Kilwa, lakini safari hiyo ilivunjika njiani.

Sifa zake zilitokana na Kilimanjaro. Mmishonari Johannes Rebmann alikuwa ameiona theluji ya mlima huo tangu mwaka wa 1848, na baadhi ya wasomi wa London wakamdhihaki. Mwaka wa 1861 von der Decken alikwenda huko pamoja na Mwingereza Richard Thornton, mtaalamu wa miamba. Mwaka uliofuata alirudi na Otto Kersten, wakapanda hadi zaidi ya mita 4,000. Ubishi kuhusu theluji ukaisha, na mwaka wa 1864 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza kikamtunuku nishani ya dhahabu.

Hata hivyo, macho ya Baroni hayakuwa kwa milima pekee. Katika barua zake alieleza kwamba koloni la Wajerumani lingestawi katika pwani hii, hasa baada ya kukamilika kwa Mfereji wa Suez uliokuwa ukichimbwa wakati huo. Aliitamani pia Mombasa, iliyokuwa chini ya Sultani wa Unguja. Baada ya kifo chake, Kersten aliyatangaza mawazo hayo kwa Wajerumani.

Mwaka wa 1865 alirejea na meli mbili za mvuke, Welf na Passepartout, ili aupande mto Juba hadi bara. Passepartout, iliyokuwa ndogo zaidi, iliangamia kwa mawimbi kwenye mlango wa mto. Welf ilisonga mbele, ikapita vijiji na mashamba ya kandokando ya mto hadi ikafika Bardera mwezi Septemba.

Bardera haukuwa mji wa kupokea wageni bila hadhari. Ulianzishwa na jumuiya ya wanadini mwanzoni mwa karne ya 19, na mwaka wa 1843 uliteketezwa na majeshi ya Sultani wa Geledi. Sultani Majid wa Unguja alidai mamlaka juu ya bandari za pwani, lakini amri yake haikufika huko juu mtoni. Huko, ruhusa ya kupita ilikuwa mikononi mwa wenyeji wenyewe.

Mnamo Septemba 26, Welf ilipasuliwa na miamba kwenye maporomoko ya maji, juu ya Bardera. Baroni na Daktari Hermann Link walirudi mjini kutafuta msaada, nao wenzao wakabaki kambini karibu na meli iliyokwama.

Oktoba 1, kambi hiyo ilishambuliwa. Mchoraji Eduard Trenn na fundi wa mitambo, Kanter, waliuawa. Waliosalia waliteremka mto kwa mashua, wakanusurika na kurejea Unguja. Von der Decken aliuawa Oktoba 2 akiwa na umri wa miaka 32, na Link akamfuata muda mfupi baadaye.

Wenyeji wa Bardera hawakuwa wamezisoma barua zake. Waliona chombo cha chuma kilichotoa moshi, kimejaa wageni wenye bunduki, kikiingia mtoni mwao bila idhini yao. Kuua wageni waliokwama ni jambo zito, lakini shaka ya kwamba meli hiyo ilitangulia makubwa haikuwa ya bure.

Mwaka wa 1885, Ujerumani ilitangaza himaya yake Witu, karibu na mto Tana. Mwaka wa 1891, Uingereza na Italia ziliufanya mto Juba kuwa mpaka kati yao. Mwaka uliofuata, Mwingereza Dundas aliupanda mto huo kwa meli ya mvuke, akayakuta mabaki ya Welf yakiwa bado pale pale. Mwaka wa 1912, Waingereza walijenga boma Wajir, na wafugaji wa nyika hizo wakaanza kuamriwa na serikali mahali pa kunywesha na kulisha mifugo yao.

Mamake Baroni aligharamia kuchapishwa kwa habari za safari zake, na hondohondo akapewa jina lake. Wasomali waliomzuia Bardera hawakuandikiwa vitabu. Habari zao zilifika Ulaya kupitia vinywa vya wageni walionusurika.