Mtakatifu Teresa wa Avila: Usiache Sala kwa Sababu ya Aibu



Siku hizi ukifungua simu hukosi video ya mtu anayefundisha tahajudi, au meditesheni kama wengi wanavyoiita. Kaa hivi, pumua hivi, ondoa kila wazo kichwani, na ufahamu wako utapanuka. Nilipokuwa nasoma falsafa tulitumia saa nyingi kujadili ufahamu ni kitu gani. Lakini aliyenisaidia zaidi kuielewa safari ya ndani ni mtawa mmoja wa Hispania ambaye hakusoma chuo kikuu, Mtakatifu Teresa wa Avila. Leo nataka nikusimulie maisha yake, hasa ile sehemu ambayo wengi tunairuka kwa haraka ya kufika kwenye maono na miujiza.

Teresa alizaliwa tarehe 28 Machi 1515, katika familia kubwa yenye uwezo. Mama yake alifariki yeye akiwa bado binti mdogo, naye akaenda analia mbele ya sanamu ya Bikira Maria, akamwomba awe mama yake tangu siku hiyo. Alikuwa msichana mchangamfu, mcheshi, anayependa kupendeza na kusoma hadithi za mashujaa wapanda farasi. Mwaka 1535, akiwa na miaka 20, akaingia monasteri ya Wakarmeli pale pale Avila bila baba yake kuridhia.

Haukupita muda mrefu akaugua vibaya. Njiani kwenda kutibiwa, ndugu wa baba yake alimpa kitabu cha Mfransisko mmoja, Francisco de Osuna, kinachofundisha namna ya kuyakusanya mawazo na kukaa na Mungu moyoni. Kitabu hicho ndicho kilimfungulia njia ya sala ya moyo. Ugonjwa lakini ulizidi. Alipoteza fahamu siku nne, watu wakajua amekufa. Monasterini kaburi lilishachimbwa, na alipozinduka alikuta nta ya mishumaa kwenye kope zake. Baba yake ndiye aliyekataa asizikwe. Baada ya hapo alikaa karibu miaka mitatu akiwa amepooza, na kupona kwake alikuja kumshukuru Mtakatifu Yosefu.

Sasa hapa ndipo nataka usome polepole. Teresa alipopata nafuu alirudi kwenye maisha ya kawaida ya monasteri ile. Watawa walikuwa wengi, na wageni waliingia na kutoka ukumbi wa maongezi. Yeye alijua kuongea, kila mtu alitaka kukaa naye. Kidogo kidogo moyo wake ukagawanyika, huku Mungu, huku stori na marafiki. Akaanza kuona aibu. Akajiuliza, mtu kama mimi nitapataje uso wa kukaa na Mungu faraghani? Basi akaiacha sala ya moyo, akabaki na zile sala za pamoja tu. Akaiacha kwa zaidi ya mwaka mzima, na aliamini kabisa kwamba huo ndio unyenyekevu.

Kinachouma zaidi ni kwamba baba yake alikuwa amejifunza sala hiyo kutoka kwake. Mzee akaipenda, akaendelea vizuri. Alipokuja kumtembelea binti yake wazungumze mambo ya Mungu, Teresa akamwambia kwamba yeye hasali tena namna hiyo, akasingizia afya yake mbovu. Mzee akamwamini, akamhurumia. Yaani mwalimu ameacha, mwanafunzi bado yuko njiani! Baba huyo alipofariki mwaka 1543, padre Mdominiko aliyekuwa mwungamishi wake alizungumza na Teresa na kumhimiza arudi kwenye sala. Akarudi, na hakuiacha tena mpaka kufa.

Baadaye alipoandika maisha yake, Teresa aliliita jambo lile kishawishi kibaya kuliko vyote vilivyompata. Ukweli ni kwamba shetani hahitaji kukufanya umchukie Mungu. Inatosha akushawishi kwamba hustahili kumkaribia. Nawajua vijana wenzangu ambao wameanguka, wakaona aibu, wakaacha sala kwanza, kisha kitubio, kisha Misa. Wanangoja wawe safi ndipo warudi. Ni kama mgonjwa anayesubiri apone ndipo aende hospitali.

Usidhani kwamba aliporudi mambo yakawa matamu. Kwa miaka 18 karibu hakuweza kusali peke yake bila kitabu mkononi, isipokuwa baada ya kukomunika, maana mawazo yalimtawanyika. Kuna kipindi alikuwa akitamani tu saa ya sala iishe, anasikilizia saa igonge. Lakini alibaki pale. Mwaka 1554, akiwa na miaka 39, aliiona sanamu ya Kristo mwenye majeraha, akaanguka mbele yake akilia, akaacha kutegemea nguvu zake. Akasoma pia Maungamo ya Mtakatifu Agustino, akajiona humo ndani kama kwenye kioo.

Matunda yalianza kuonekana. Tarehe 24 Agosti 1562 alifungua monasteri ndogo ya Mtakatifu Yosefu akiwa na wanovisi wanne, katikati ya upinzani mkali wa mji. Kabla ya kufa alikuwa ameanzisha monasteri 17 za masista, akisafiri kwa mikokoteni kwenye jua na matope. Pamoja na Mtakatifu Yohane wa Msalaba alianzisha mageuzi hayo upande wa wanaume pia. Mwaka 1577 akaandika Ngome ya Ndani, akiielezea roho kama ngome ya kioo yenye makao saba, Mungu akikaa katikati, na mlango wa kuingilia ni sala.

Hapo ndipo anapotofautiana na zile video. Waalimu fulani wa wakati wake walifundisha kwamba ukiendelea katika sala, uache hata kuufikiria ubinadamu wa Yesu. Teresa alikataa katakata. Kwake sala ni urafiki, na huwezi kuwa na urafiki na utupu. Wala hakuvutwa na hali za ajabu. Masista waliofunga kupita kiasi, wakazimia na kudhani wamezama katika Mungu, aliagiza wale, walale, na wapunguziwe saa za sala. Kipimo chake kilikuwa kimoja: je, unampenda zaidi jirani yako?

Alifariki Alba de Tormes usiku wa tarehe 4 Oktoba 1582. Usiku huo huo kalenda ilibadilishwa, kesho yake ikawa tarehe 15, ndiyo maana tunamkumbuka siku hiyo. Mwaka 1970 Papa Paulo VI alimtangaza Mwalimu wa Kanisa, mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo.

Kijana mwenzangu, kama uliacha sala kwa sababu ya aibu, usingoje ujirekebishe kwanza. Leo usiku zima simu, kaa dakika 15 na Yesu. Mawazo yakikimbia, yarudishe taratibu. Ukikauka, shika Injili, soma mstari mmoja, nyamaza. Kesho tena. Na kitubio usikiache.

Mtakatifu Teresa wa Avila, utuombee.