Mtoto wa Port Louis Aliyechunguza Neva

Katika kisiwa cha Morisi, mashariki ya Bukini, alizaliwa mwaka 1817 Charles-Édouard Brown-Séquard. Baba yake, nahodha wa Kimarekani, alipotea baharini kabla mtoto hajazaliwa. Mama yake alimlea kwa kazi ya kushona nguo.

Mwaka 1838 kijana huyo alikwenda Paris akitaka kuwa mtunzi wa vitabu. Alipokatishwa tamaa na mwandishi mmoja mashuhuri, aligeukia udaktari, akafuzu mwaka 1846.

Wakati ule Claude Bernard wa Ufaransa alikuwa amekwisha kuona kwamba neva fulani ya shingoni mwa mnyama ikikatwa, sikio la upande ule hupata joto na mishipa yake hujaa damu. Mwaka 1852 Brown-Séquard, akiwa Marekani, aliipitisha umeme neva iliyokatwa. Mara mishipa ikajikunyata, na sikio likapoa. Hivyo ikajulikana kwamba neva za simpathetiki hubana mishipa ya damu.

Jambo hili latuhusu sote. Mtu aliyeinama akipalilia mahindi akisimama ghafula, damu hushukia miguuni na shinikizo lake hupungua. Vihisio vilivyomo katika mishipa mikubwa ya shingo na kifua hupeleka habari kwenye ubongo. Ndipo neva za simpathetiki hubana mishipa na kuuhimiza moyo, damu ikafika kichwani. Shinikizo likizidi, neva hizo hupunguza kazi, na mishipa hulegea. Hata asubuhi za baridi ya Julai hapa Chanji, ndizo zinazobana mishipa ya vidole ili joto lisipotee.

Mwaka 1854, kipindupindu kilipoenea Morisi, Brown-Séquard aliwahudumia wagonjwa huko kwao. Mwaka 1856 alionyesha kwamba mnyama akiondolewa tezi zilizo juu ya mafigo hufa. Baadaye ilijulikana kwamba tezi hizo hutoa adrenalini, msaidizi wa neva hizo hizo. Mwaka 1878 alirithi kiti cha Bernard katika Collège de France.

Uzeeni, mwaka 1889, alitangaza kwamba maji ya tezi za wanyama yamemrudishia nguvu za ujana. Wengine walipoyajaribu, hayakuthibitika. Alifariki Paris mwaka 1894.

Enyi wanafunzi, heshimuni majina makubwa, lakini ukweli upimwe kwa majaribio. Majaribio yaliyoipa heshima kazi yake ya 1852 ndiyo yaliyoikataa ile ya 1889.