William Farr

William Farr (Kenley, Shropshire, Uingereza, 30 Novemba 1807 – London, 14 Aprili 1883) alikuwa daktari na mwanatakwimu kutoka nchini Uingereza. Anahesabiwa kati ya waanzilishi wa takwimu za afya, na mpango wake wa kupanga magonjwa ni chimbuko mojawapo la misimbo ambayo hospitali hutumia leo kuandika utambuzi wa ugonjwa.

Maisha

Farr alizaliwa katika familia maskini. Baba yake alikuwa kibarua wa shambani. Mwenye mashamba Joseph Pryce alimchukua, akamlea na kumsomesha. Pryce alipofariki mwaka 1828 alimwachia urithi wa fedha, na kwa msaada huo Farr alikwenda kusomea tiba mjini Paris, kisha London. Alipata leseni ya kutibu na kuuza dawa mwaka 1832. Mke wake wa kwanza alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1837.

Orodha ya magonjwa

Tangu Julai 1837 serikali iliandikisha vizazi, ndoa na vifo vyote vya Uingereza na Wales. Muda mfupi baadaye Farr aliajiriwa katika Ofisi ya Msajili Mkuu, akafanya kazi huko kwa takriban miaka 40.

Mara alikumbana na tatizo. Ugonjwa mmoja uliitwa kwa majina matatu au manne, na jina moja lilitumika kwa magonjwa mbalimbali. Vyeti vingine vilitaja dalili tu, au madhara yaliyofuata, badala ya ugonjwa wenyewe. Kwa hali hiyo haikuwezekana kulinganisha vifo vya mji mmoja na vya mwingine. Kwa maoni ya Farr, majina ya magonjwa yaliyokubaliwa na wote yalihitajika katika kazi hiyo kama vile vipimo vya uzito na urefu katika sayansi nyingine.

Mwaka 1853 mkutano wa kimataifa wa takwimu mjini Brussels ulimwagiza yeye na Marc d'Espine wa Geneva waandae orodha moja ya sababu za vifo kwa nchi zote. Mwaka 1855, mjini Paris, kila mmoja alileta yake. D'Espine aligawa magonjwa kwa kufuata asili yake. Farr aliyaweka katika makundi matano: ya mlipuko, ya mwili mzima, ya sehemu maalumu za mwili, ya ukuaji, na yale yanayotokana na majeraha. Mkutano ulichanganya orodha hizo mbili, ukapata vichwa 139.

Kipindupindu

Baada ya mlipuko wa mwaka 1849 Farr aligundua kwamba watu waliokaa maeneo ya chini, karibu na Mto Thames, walikufa zaidi kuliko wa maeneo ya juu. Alidhani sababu ni hewa chafu ya bondeni. Daktari John Snow alisema sababu ni maji, na Farr, ingawa hakukubaliana naye, alimpatia takwimu za vifo.

Mwaka 1866 ugonjwa ulirudi London, hasa upande wa mashariki. Farr alilinganisha vifo na makampuni yaliyosambaza maji, akaona vingi viliangukia eneo la kampuni moja tu. Hapo alikubali kwamba maji ndiyo yaliyoeneza ugonjwa. Snow hakuyaona hayo, kwa kuwa alikuwa amefariki mwaka 1858.

Farr alistaafu mwaka 1880, baada ya nafasi ya Msajili Mkuu kupewa mtu mwingine.

Urithi

Mwaka 1893, mjini Chicago, Mfaransa Jacques Bertillon alitoa orodha mpya iliyofuata njia ya Farr ya kutenganisha magonjwa ya mwili mzima na yale ya kiungo fulani. Orodha hiyo ilirekebishwa mara kwa mara, na mwaka 1948 ikawa chini ya Shirika la Afya Duniani. Tangu hapo inahusu pia magonjwa ya walio hai, si sababu za vifo pekee.

Katika toleo la 10 kila ugonjwa una msimbo wa herufi na tarakimu, ili daktari wa lugha yoyote aeleweke kwingine. Msimbo wa kwanza kabisa, A00, ni wa kipindupindu. Toleo la 11 lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2022.