Jeanne Jugan, Aliyetoa Kitanda Chake

Wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Siku hizi tukisikia kuna nyumba ya kutunzia wazee mahali fulani, au kituo ambapo vikongwe hukusanyika mchana wapate chakula na watu wa kuzungumza nao, sisi hudhani lazima jambo hilo lilianzishwa na serikali au na mabwana wenye pesa zao. Kumbe si hivyo kila mara. Mojawapo ya mashirika yanayojulikana sana duniani kwa kazi hiyo lilianzishwa na mwanamke aliyekuwa akifua nguo za watu ili apate riziki. Tena baadaye mwanamke huyo alisukumwa kando, kana kwamba si yeye aliyeanza. Jina lake ni Jeanne Jugan wa Ufaransa, na maisha yake ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Jeanne alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1792 huko Cancale, mji mdogo wa wavuvi katika pwani ya Bretagne, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa mvuvi. Siku moja aliondoka kwenda kuvua na bahari ikammeza, asirudi tena. Jeanne wakati huo hakuwa ametimiza hata miaka minne. Mama yake aliachwa mjane na watoto wa kulea, ikabidi afanye vibarua hapa na pale ili jikoni pawake moto. Tusisahau kwamba nchi yenyewe ilikuwa katika mapinduzi makubwa. Makanisa yalifungwa, na watu waliwafundisha watoto wao dini kwa siri majumbani.

Jeanne hakupata masomo kama haya tunayopata sisi. Utoto wake ulikuwa wa kuchunga ng'ombe kwenye majabali juu ya bahari, huku mikono ikifuma au kusokota sufu. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na sita hivi (yaani umri wangu mimi ninayeandika), aliajiriwa jikoni katika nyumba ya bibi mmoja wa ukoo wa kitajiri. Bibi huyo alikuwa na desturi ya kuwatembelea maskini na wagonjwa, na mara nyingi aliandamana na mtumishi wake. Hapo ndipo Jeanne alipojifunza kwamba maskini haingiliwi nyumbani kwake bila adabu, hata kama umemletea mkate.

Baharia mmoja kijana alimposa. Jeanne alikataa. Mnamo 1817, akiwa na miaka ishirini na mitano, aliwaachia dada zake nguo zake nzuri, akaaga, akaenda mji wa Saint-Servan uliokuwa jirani na bandari ya Saint-Malo. Alifanya kazi katika hospitali ya Le Rosais kwa muda wa miaka kama sita, akiwahudumia wagonjwa usiku na mchana, hadi afya yake ikadhoofika. Kisha alikaa na mama mmoja mcha Mungu, akiwa nusu mtumishi, nusu rafiki, kwa miaka kumi na miwili. Mama huyo alipofariki mwaka wa 1835, Jeanne alirudia vibarua vya kufua na kusafisha nyumba za watu. Alikodi vyumba viwili chini ya paa pamoja na mzee mmoja, Françoise Aubert. Baadaye akajiunga nao msichana yatima wa miaka kumi na saba, Virginie Trédaniel, ambaye kazi yake ilikuwa kushona.

Sasa sikilizeni vizuri. Wakati wa baridi wa mwaka wa 1839, na baridi ya huko si hii yetu ya mwezi wa saba, Jeanne alipata habari za ajuza mmoja aliyeitwa Anne Chauvin. Anne alikuwa kipofu, na nusu ya mwili wake ilikuwa imepooza. Aliyekuwa akimtunza ni dada yake, lakini dada huyo naye alikuwa amepelekwa hospitali. Kikongwe akabaki peke yake gizani, bila wa kumpa maji. Jeanne alikuwa na umri wa miaka 47, hana mume, hana shamba, hana akiba ya maana. Alimleta ajuza huyo, akambeba kwenye ngazi nyembamba mpaka juu, akamlaza katika kitanda chake mwenyewe. Yeye akaenda kulala darini.

Mimi nikisoma habari hizi nilijiuliza: je, hakuna kitu kingine angeweza kufanya? Angeweza kumpelekea uji asubuhi na jioni, na watu wangemsifu. Lakini mtu aliyepooza haachi kupooza ukishaondoka na bakuli lako. Jeanne aliliona hilo, ndiyo maana akatoa kitanda.

Haukupita muda, wakampokea ajuza wa pili, Isabelle Coeuru, mtumishi wa nyumbani aliyezeeka akiwatumikia mabwana waliofilisika, mpaka akabaki hana kitu. Mchana Jeanne alienda kufua, Françoise akibaki na wagonjwa, na usiku wote wakikaa kushona na kutia viraka. Saint-Servan ulikuwa mji wa mabaharia, na mabaharia wengi hufa kabla ya wake zao. Kwa hiyo wajane wazee waliokuwa wakiombaomba barabarani hawakuwa haba. Mwaka wa 1841 Jeanne na wenzake walikodi nyumba ya chini iliyokuwa zamani kilabu cha pombe, wakaweka humo akina mama wazee kumi na wawili. Mwaka uliofuata wakahamia jumba kubwa la zamani la watawa.

Swali likawa: watakula nini? Mshahara wa kufua haukutosha. Hapa Jeanne alifanya jambo ambalo kwa maoni yangu ni gumu kuliko hata lile la kitanda. Wale wazee walikuwa wamezoea kuomba. Hata baada ya kupata malazi, wengine walitaka kurudi barabarani, na huko kulikuwa na baridi, kudharauliwa, na kwa wengine pombe pia. Jeanne aliwauliza kila mmoja alikuwa akipewa msaada na nani na wapi. Kisha akachukua kikapu, akaenda kwenye milango hiyohiyo badala yao. Aliwaeleza watu kwamba yule bibi waliyemzoea hatakuja tena, ila ameomba wasimnyime.

Si mchezo, ndugu zangu. Jeanne alikuwa mtu wa kazi, aliyejitegemea tangu ujana, na kuomba kulimwia vigumu sana. Lakini alijua aibu ile lazima ibebwe na mtu, na yeye alikuwa na miguu yenye nguvu kuliko ya wazee. Alipewa mkate, makombo ya mezani, nguo kuukuu, kuni, na sarafu. Husimuliwa kwamba siku moja bwana mmoja alikasirika akampiga kofi. Jeanne alimshukuru kwa upole, akamwambia hilo lilikuwa lake yeye, na sasa ampe kitu cha maskini wake. Bwana yule akatoa.

Jambo lingine ni kwamba wazee wenyewe hawakukalishwa tu kama mizigo. Mwenye kuweza kusokota alisokota, na mwenye kuweza kuchambua sufu alichambua, kila mtu kwa kadiri ya nguvu zake. Pesa kidogo iliyopatikana ilisaidia nyumba. Nadhani faida kubwa zaidi ilikuwa kwamba bibi wa miaka themanini aliamka asubuhi akijua kuna kazi inayomngojea.

Basi kazi ikakua, na wasichana wengine wakajiunga. Walimchagua Jeanne awe mkuu wao, na Desemba 1843 wakamchagua tena. Lakini padri kijana aliyekuwa akiwaongoza, Auguste Le Pailleur, hakuridhika. Majuma mawili tu baada ya uchaguzi huo aliutangua, akamweka Marie Jamet, msichana wa miaka ishirini na mitatu. Jeanne, mwenye miaka hamsini na mmoja, akaambiwa aendelee na kikapu chake. Naye aliendelea.

Ajabu ni kwamba huko nje watu walijua ukweli. Meya na wakuu wa Saint-Servan waliandika barua Paris wakieleza kazi ya mama huyu aliyekuwa akitunza wazee zaidi ya sitini. Mwaka wa 1845 Akademia ya Ufaransa ilimpa tuzo ya Montyon, faranga 3,000, tuzo iliyotolewa kwa raia maskini waliotenda wema mkubwa. Jeanne alizichukua zile karatasi za sifa, akazitumia kama barua ya utambulisho alipokwenda kuomba katika miji mingine. Nyumba mpya zikafunguliwa Rennes na Dinan mwaka wa 1846, kisha Tours, kisha Angers. Kila palipokuwa na deni au njaa, yeye ndiye aliyetumwa.

Kisha mwaka wa 1852 akaitwa arudi makao makuu, na akakatazwa kushughulika tena na wafadhili. Mnamo 1856 alihamia Saint-Pern, mahali paitwapo La Tour Saint-Joseph, ambapo watawa wapya walikuwa wakifundishwa. Akaishi huko akiitwa Sista Maria wa Msalaba. Tangu siku ile ya kuitwa hadi kufa kwake ilipita miaka ishirini na saba. Padri Le Pailleur alijifanya yeye ndiye mwanzilishi, na historia ya shirika ikaandikwa upya, Jeanne akitajwa kama mtu wa tatu kujiunga. Wasichana waliokuja kujifunza utawa walimwona bibi mrefu mwenye fimbo akitembea bustanini, wakapenda mazungumzo yake, na wengi hawakujua kwamba bila yeye wasingekuwa hapo.

Mara moja tu katika miaka hiyo alihitajika kwa jambo kubwa. Mwaka wa 1865 viongozi walikuwa wakijadiliana kama shirika likubali mapato ya kudumu, ili wasitegemee sadaka za kila siku. Waliona heri wamuulize. Jeanne alishauri wakatae, waendelee kutegemea wanachopewa na watu, na shauri lake likafuatwa. Mwenye kikapu alijua kwamba mlango usiobishwa hodi husahau walio nje.

Jeanne Jugan alifariki tarehe 29 Agosti 1879, akiwa na umri wa miaka 86. Shirika lake, Masista Wadogo wa Maskini, wakati huo lilikuwa na masista wapatao 2,400. Haki yake ilichelewa, lakini ilikuja. Mgala muue na haki yake mpe. Mwaka wa 1890 Le Pailleur aliondolewa uongozini kwa amri ya Roma, na baadaye wachunguzi wakafuatilia karatasi za zamani, ukweli ukajulikana. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri mwaka wa 1982, na Papa Benedikto wa Kumi na Sita akamtangaza mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009. Masista wake wamefika hata kwetu Kenya. Huko Kasarani, Nairobi, wana nyumba ya kutunzia wazee, na jina lake ni lilelile la Kiswahili ambalo kila mtu analielewa: Nyumba ya Wazee.

Sasa pengine kuna mwenzangu atakayesema, ati huyo alikuwa mtakatifu, sisi ni wanafunzi tu, tuna mitihani na hatuna pesa. Mimi sikubaliani naye kabisa. Anne Chauvin alipobebwa kwenye zile ngazi, aliyembeba hakuwa mtakatifu aliyetangazwa. Alikuwa mfua nguo. Na mmoja wa wenzake wa kwanza, yule Virginie, alikuwa msichana wa rika la wanafunzi wa kidato cha nne, bila baba wala mama.

Tena sisi wa shule ya kutwa tuna bahati ambayo wenzetu wa bweni hawana. Kila jioni tunarudi mitaani na vijijini, tukipita mbele ya milango ya wazee ambao watoto wao wako mbali mjini. Hakuna atakayetupa tuzo, na huenda jina letu lisiandikwe popote. Lakini nyanya fulani hajaongea na mtu tangu asubuhi, na babu fulani ana barua kutoka kwa mwanawe asiyeweza kuisoma kwa sababu ya macho. Ukitoka shuleni leo, pitia hapo. Piga hodi, amkia kwa heshima, keti kidogo, halafu uangalie kama mtungini kuna maji.