Grey Owl: Bundi wa uongo aliyewatetea biva

APRILI 13, 1938, katika mji wa Prince Albert nchini Kanada, alifariki dunia kwa ugonjwa wa nimonia mtu aliyejulikana katika nchi nyingi kwa jina la Grey Owl, yaani Bundi wa Kijivu. Alikuwa na umri wa miaka 49. Kwetu bundi ni ndege wa uchuro na hakuna anayejipa jina lake, lakini huyu alilivaa kwa fahari. Watu walimlilia wakiamini kwamba mama yake alikuwa wa kabila la Apache, na kwamba yeye ni mtu wa msituni aliyekuja kuwafundisha Wazungu kuwahurumia wanyama.

Siku hiyohiyo gazeti la mji mdogo wa North Bay likatoboa siri. Marehemu alikuwa Mwingereza mtupu, jina lake Archibald Belaney, mzaliwa wa mji wa Hastings ulio pwani ya kusini ya Uingereza. Gazeti hilo lilikuwa na habari hiyo tangu mwaka 1935, likaifungia kabatini kwa kuwa kazi aliyoifanya mtu huyo ilionekana kuwa njema.

Kazi yenyewe ilikuwa kumtetea mnyama aitwaye biva. Kwa kuwa mnyama huyo hayupo katika nchi zetu, inafaa kumweleza. Ni mgugunaji, mfano wa ndezi, ila ni mkubwa zaidi na huweza kufikia kilo 20 au hata 30. Mkia wake ni bapa kama kasia na meno yake ya mbele huangusha mti mzima. Kwa magogo, matawi na matope huziba kijito mpaka kikawa bwawa, kisha humo hujenga nyumba yenye mlango chini ya maji ili mbwa mwitu asiweze kuingia. Pale alipoziba, maji hayakimbii tena. Huzama ardhini polepole, hivyo mvua kubwa ikinyesha mto wa chini hauvimbi ghafla, na kiangazi kikija haukauki upesi.

Balaa la biva ni manyoya yake. Tangu karne ya 17 yalitengenezewa kofia za mabwana wa Ulaya, na biashara hiyo ndiyo iliyowapeleka wachuuzi hadi ndani kabisa ya misitu ya Kanada. Msomaji anayeishi kwa kuvusha bidhaa mpakani hahitaji kuelezwa kilichofuata: bei ilipopanda, mitego iliongezeka. Wanyama waliokuwa makumi ya milioni walipungua hadi miaka ya 1920 ambapo mtu angeweza kutembea siku nyingi katika maeneo mengi asione hata mmoja. Matuta yao yakabomoka na mabwawa yakakauka.

Belaney mwenyewe alikuwa mmoja wa wategaji hao. Alizaliwa Septemba 18, 1888, akalelewa na bibi yake na shangazi wawili baada ya baba yake kutokomea ng'ambo. Akiwa mtoto alifuga wadudu na nyoka nyumbani na kujifanya Mwapache michezoni. Alipomaliza shule aliajiriwa ukarani katika kiwanja cha mbao, akafukuzwa kwa kuteremsha baruti ndani ya dohani la ofisi. Mwaka 1906, akiwa na miaka 17, alipanda meli kwenda Kanada.

Huko, kando ya ziwa Temagami, Waojibwe walimfundisha kupiga kasia, kutega na kuzungumza lugha yao. Mwaka 1910 alimwoa binti wa kabila hilo, Angele Egwuna, wakapata mtoto wa kike. Haikupita muda mrefu akawaacha. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka alijiunga na jeshi, akajeruhiwa mguu mwaka 1916 na kupelekwa kutibiwa Uingereza. Huko akamwoa rafiki yake wa utotoni, Ivy Holmes, ilhali Angele alikuwa bado mke wake halali. Ivy naye aliachwa.

Wanaopita Rusumo na Kobero, na wale waliorejea baada ya miaka mingi kambini, wanajua jinsi mtu anavyoweza kuvuka mpaka akapata jina jipya, lafudhi mpya na hata kabila jipya ili mradi aishi. Tofauti ni kwamba Belaney hakukimbia vita wala njaa. Aliipaka rangi ngozi yake na nywele zake kwa hiari, na jina la kabila alilojipachika lilimfungulia milango ambayo wenyeji halisi walikuwa wakifungiwa.

Mwaka 1925 alikutana na Gertrude Bernard, msichana wa miaka 19 wa asili ya Kimohawk, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Anahareo. Alimfuata katika kambi zake za utegaji kaskazini mwa Quebec. Humo aliona kwa macho yake wanyama wakifia mitegoni kwa mateso, na moyo wake ukakataa.

Masika ya mwaka 1928 ndipo mambo yalipobadilika. Mama biva alinaswa, na watoto wake wawili wakasikika wakilia majini. Wazo la Belaney lilikuwa kuwamaliza, kwa maana wasingeweza kuishi bila mama. Anahareo alimsihi wawachukue. Wakawaita McGinnis na McGinty, wakawanywesha maziwa, wakalala nao kibandani. Ndani ya majuma machache mtegaji huyo alijikuta hawezi tena kuua biva. Mume na mke wakabaki bila kipato, kwani hawakuwa na kazi nyingine.

Mwaka uliofuata wadogo hao walitoweka wasionekane tena. Akapatikana mwingine wa kike, Jelly Roll, kisha dume aliyepewa jina la Rawhide. Belaney akaanza kuandika makala na kuhutubia, na idara ya hifadhi za taifa ikamwona. Mwaka 1931 alipewa ajira katika hifadhi ya Riding Mountain ili biva wake waanzishe ukoo huko. Ziwa walilopewa lilikuwa na kina kifupi na ukame ukalipunguza, hivyo mwaka huohuo wakahamishiwa ziwa Ajawaan, katika hifadhi ya Prince Albert.

Maisha ya Ajawaan ndiyo yaliyompa umaarufu. Kibanda cha magogo kilijengwa ukingoni kabisa, na sakafuni pakaachwa tundu la kuingilia majini. Biva wakalitumia tundu hilo kuleta matope na matawi, wakajenga nyumba yao, nusu nje nusu ndani ya chumba cha mwenye nyumba. Wageni waliona Jelly Roll akiburuta fito sakafuni kama fundi asiye na muda wa salamu. Binti yao Dawn alipozaliwa mwaka 1932, kibanda cha pili kilijengwa juu mlimani kwa ajili ya mama na mtoto, maana cha chini kilikuwa kimeshatwaliwa.

Vitabu vyake, hasa Pilgrims of the Wild, viliuzwa sana. Mwaka 1935 alikwenda Uingereza kuhutubia akiwa amevaa mavazi ya ngozi, na mojawapo ya kumbi alizosimama ilikuwa ya Hastings kwao. Shangazi zake walikaa kati ya wasikilizaji, wakamtambua, wakanyamaza. Desemba 1937 alizungumza katika kasri la Buckingham mbele ya Mfalme George wa Sita na binti zake.

Siri ilipofichuka baada ya kifo chake, wengi walijiona wametapeliwa na vitabu vyake vikapoteza wasomaji. Hata hivyo, aliyosema kuhusu biva yamethibitishwa na watu wasiohitaji kujipaka rangi. Katika hifadhi ya Elk Island, jimbo la Alberta, biva walikuwa wametoweka mpaka waliporudishwa mwaka 1941. Ukame mkali ulipopiga mwaka 2002, watafiti walilinganisha picha za angani na kumbukumbu za miongo iliyotangulia. Walikuta kwamba madimbwi yenye biva yalikuwa na eneo la maji takriban mara 9 ya lile yaliyokuwa nalo yasipokuwa na biva.

Haina maana kwamba biva ni jirani mpole. Hufurisha mashamba, hukata miti ya matunda na kuziba makalvati ya barabara. Wanaoishi naye hufunga waya kuzunguka mashina, au hupitisha bomba ndani ya tuta lake ili maji yasipande kupita kiasi. Na si kila mahali panamfaa. Mwaka 1946 Argentina ilichukua biva wa Kanada na kuwaachia Tierra del Fuego, ambako hawakuwahi kuwapo. Waliharibu misitu ambayo miti yake haichipui upya ikikatwa, na hadi leo watu wa huko wanahangaika nao.

Uingereza, alikozaliwa Belaney, biva wa Ulaya walimalizwa na wawindaji karne ya 16. Walirudishwa rasmi Scotland mwaka 2009 kwa majaribio huko Knapdale, na mwaka 2025 serikali ikaruhusu waachiwe huru England, wa kwanza wakitua Purbeck. Wakulima wa bonde la mto Tay wamelalamika, na leseni za kuwaua zimetolewa pale madhara yanapozidi.

Kwa maoni ya mwandishi, walioumizwa zaidi na uongo wa Belaney si wasomaji waliochekelea hadithi zake, bali wanawake aliowaacha nyuma. Angele alibaki Temagami na mtoto. Anahareo aliachana naye mwaka 1936, na ndani ya mwaka huo mwanamume huyo akaoa tena. Hata asili yake ya Kiingereza Anahareo aliijua baada ya mazishi, kama dunia nzima.

Anahareo aliishi hadi mwaka 1986. Aliendelea kutetea wanyama, akaandika kitabu cha maisha yao kilichotoka mwaka 1972, na mwaka 1983 Kanada ikamtunuku nishani ya taifa. Kibanda cha Ajawaan bado kipo na watu huenda kukiona kwa miguu, kilomita zipatazo 20 kutoka mwisho wa barabara.