Alama za kwanza za mtoto: maisha ya Daktari Virginia Apgar

Kama ulijifungulia kituoni au hospitalini, iwe Ifakara, Mang'ula, Mlimba au Malinyi, huenda uliona kwenye karatasi zako neno Apgar na namba mbili pembeni yake, kwa mfano 8 na 10. Akina mama wengi huniuliza namba hizo ni za nini. Wengine hudhani ni matokeo ya mtihani, kwamba mtoto aliyepata 6 atakuwa mzito darasani. Wapo pia waliolaumiwa na wakwe kwa sababu mtoto hakulia mara tu alipozaliwa.

Apgar si ugonjwa wala dawa. Ni jina la mwanamke, daktari wa usingizi wa Marekani. Ukijua alivyofanya kazi yake, utaelewa namba hizo zinasema nini na hazisemi nini.

Alitaka kuwa mpasuaji

Virginia Apgar alizaliwa tarehe 7 Juni 1909 katika mji wa Westfield, jimbo la New Jersey. Nyumbani kwao ugonjwa haukuwa jambo geni: kaka yake mmoja alifariki akiwa mdogo kwa kifua kikuu, na mwingine aliishi na maradhi ya muda mrefu. Familia yao pia ilipenda muziki, naye alipiga fidla tangu utotoni.

Alihitimu udaktari mwaka 1933 katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akiwa miongoni mwa wanawake wachache darasani. Alianza mafunzo ya upasuaji na alikuwa hodari. Lakini mkuu wake, Allen Whipple, alimshauri aachane nayo. Uchumi ulikuwa mbaya, na wanawake wapasuaji walipata shida kupata wagonjwa. Whipple aliona pia kwamba upasuaji usingeendelea bila wataalamu wazuri wa dawa za usingizi.

Wakati huo kazi ya kuwalaza wagonjwa usingizi ilifanywa zaidi na wauguzi, na madaktari wengi waliidharau. Apgar alikaa na wauguzi hao, akajifunza kwao. Kisha alikwenda kujifunza zaidi Wisconsin na hospitali ya Bellevue. Mwaka 1938 alirudi Columbia kuongoza kitengo cha usingizi, na mwaka 1949 akawa mwanamke wa kwanza kuwa profesa kamili katika chuo hicho cha udaktari.

Mtoto aliyesahaulika

Baada ya hapo alihamishia nguvu zake kwenye chumba cha kujifungulia. Alichokiona kilimsumbua. Mtoto akishatoka, macho ya watu wote yalibaki kwa mama. Mtoto aliyelegea na kupumua kwa shida aliweza kuwekwa pembeni kwa kuaminiwa kwamba hataishi. Hapakuwa na kipimo cha pamoja: mmoja alisema huyu mzima, mwingine akasema huyu dhaifu.

Inasimuliwa kwamba asubuhi moja ya mwaka 1952, wakati wa kifungua kinywa, mwanafunzi alimuuliza mtoto mchanga apimwe vipi. Apgar alichukua karatasi iliyokuwa karibu akaandika mambo matano. Mwaka 1953 aliyachapisha.

Mambo hayo ndiyo tunayoangalia hadi leo:

- Mapigo ya moyo: yapo? Yanazidi 100 kwa dakika?
- Kupumua: mtoto analia kwa nguvu, au anapumua kwa kusuasua?
- Misuli: anakunja mikono na miguu, au amelegea?
- Anavyoitikia akiguswa au akisafishwa pua: anakunja uso, anapiga chafya, analia?
- Rangi: mwili ni wa kawaida au wa bluu? Kwa watoto wetu weusi tunaangalia ulimi, midomo na viganja.

Kila jambo hupewa 0, 1 au 2, kisha tunajumlisha. Tunapima dakika ya kwanza na tena dakika ya 5. Kuanzia 7 hadi 10 ni vizuri. Watoto wengi wazima hawapati 10 dakika ya kwanza, kwa sababu mikono na miguu huchelewa kupata rangi.

Faida kubwa ya kipimo hiki haikuwa hesabu. Ili umpe mtoto alama, lazima umtazame. Yule aliyekuwa akiwekwa pembeni sasa alikuwa na mtu wa kumwangalia.

Gesi aliyoiacha

Apgar hakuishia hapo. Yeye na wenzake, Duncan Holaday na Stanley James, walipima damu ya watoto waliozaliwa. Wengi waliamini kwamba oksijeni kidogo wakati wa kuzaliwa ni jambo la kawaida lisilo na madhara. Wao waliona kwamba watoto wenye alama za chini walikuwa na upungufu wa oksijeni na tindikali nyingi kwenye damu, na kwamba walihitaji kusaidiwa kupumua mara moja.

Waligundua pia kwamba dawa za usingizi alizopewa mama zilipita kwenye kondo na kumfikia mtoto. Gesi ya siklopropeni, ambayo Apgar mwenyewe aliipenda kuitumia, iliwalegeza watoto kuliko njia nyingine. Alikubali kilichoonekana kwenye damu, akaacha kuitumia kwa wazazi. Si rahisi kwa bingwa kukubali kwamba chombo chake mwenyewe kinaumiza, lakini alifanya hivyo.

Ndiyo maana leo mama anayefanyiwa upasuaji wa uzazi mara nyingi huchomwa sindano ya mgongoni badala ya nusu kaputi. Sehemu ya chini ya mwili hufa ganzi, mama anabaki macho, na dawa inayomfikia mtoto ni kidogo sana.

Mwaka 1959 Apgar alisomea afya ya jamii, kisha akajiunga na shirika la March of Dimes kushughulikia watoto wanaozaliwa na kasoro. Alisafiri sana akieleza wazazi mambo hayo kwa lugha nyepesi, na alihimiza chanjo ya rubela. Alitembea na kisu kidogo na mpira wa kupitishia hewa, ili akimkuta mtu njiani amezibwa koo aweze kumsaidia. Wakati wa mapumziko alitengeneza fidla kwa mikono yake. Alifariki New York tarehe 7 Agosti 1974, akiwa na miaka 65.

Kwetu bondeni

Kazi yake iliendelea mikononi mwa wauguzi na wakunga. Kuanzia mwaka 2009 watumishi wa afya Tanzania walifundishwa namna ya kumsaidia mtoto kupumua ndani ya dakika ya kwanza: kumkausha, kumsugua mgongo, na kumpa hewa kwa mfuko na barakoa. Utafiti wa hospitali 8 nchini, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47.

Lakini mfuko na barakoa haviko kwenye dungu la shamba la mpunga. Msimu wa kilimo familia nyingi huhamia mashambani, na mvua zikikolea njia hukatika. Mama, kama mimba imefika mwezi wa tisa, kaeni nyumbani mkubaliane mapema: utakaa kwa nani karibu na kituo, na nauli itatoka wapi. Baba na bibi wawepo kwenye mazungumzo hayo.

Mambo ya kukumbuka:

- Alama ya Apgar haipimi akili wala haionyeshi kosa la mama. Inaeleza hali ya mtoto dakika hizo tu. Alama ya chini ikipanda dakika ya 5, ni dalili nzuri.
- Kama ilikuwa ya chini, uliza mtoto alisaidiwa vipi, na usikose siku za kliniki.
- Mtoto asiyelia asining'inizwe kichwa chini, asipigwe, wala asimwagiwe maji baridi. Mkausheni, msugueni mgongo, mwiteni mtaalamu.
- Mpeleke mtoto mchanga kituoni haraka akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, akikoroma au kuguna, kifua kikibonyea ndani, midomo au ulimi ukiwa wa bluu, au akishindwa kunyonya. Anayekuwa wa bluu akitulia na kurudi rangi akilia huenda pua zake zimeziba tangu kuzaliwa. Huyo pia ni wa kuwahishwa.
- Mtoto akipangiwa upasuaji kwa nusu kaputi, fuata saa za kufunga ulizoambiwa, hata akililia chakula. Tumbo likiwa na kitu, anaweza kutapika na matapishi yakaingia kwenye njia ya hewa. Mwambie mtaalamu wa usingizi kama ana mafua, kikohozi, au hukoroma sana usiku.

Ukija kliniki, njoo na karatasi zako za kujifungua. Kama kuna namba huielewi, nionyeshe, tutaisoma pamoja.