Kabla ya Simba Palikuwa na Ua

Jina la Joy Adamson litajwapo, wengi wetu humkumbuka Elsa, mtoto wa simba aliyelelewa na mama huyu pamoja na mumewe George tangu mwaka 1956, kisha akarejeshwa porini. Kitabu kilichosimulia habari hizo mwaka 1960 kilimpatia sifa duniani kote. Walakini, ni wachache wajuao kwamba kabla ya kusifika kwa kalamu, alikuwa ameshika brashi kwa zaidi ya miaka 20.

Alizaliwa mwaka 1910 mjini Troppau, katika himaya ya Austria na Hungaria. Mji huo leo huitwa Opava, nao umo katika Jamhuri ya Cheki. Ujanani alijaribu sanaa kadhaa, zikiwamo piano na uchongaji, asitulie katika hata moja. Alifika Kenya mwaka 1937, na mwaka uliofuata akaolewa na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi. Walipozuru Milima ya Chyulu, Bally alikusanya mimea, naye mkewe akaanza kuichora. Hapo ndipo sanaa yake ilipopata makao.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Mmea ukikaushwa na kubanwa katika karatasi huhifadhi umbo, lakini rangi yake hufifia. Kwa hiyo mtaalamu humhitaji mchoraji, naye mchoraji hana budi kuwahi kabla ua halijanyauka: ahesabu petali, afuatishe mishipa ya jani na kuchanganya rangi hadi zioane na zile azionazo. Haruhusiwi kubuni. Ua ndilo mwalimu, na kosa la mwanafunzi huonekana papo hapo. Michoro ya Joy ilipamba vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki, na mwaka 1947 alitunukiwa nishani ya dhahabu ya Grenfell nchini Uingereza.

Jicho lililofunzwa na maua ndilo alilowaelekezea wanadamu baadaye, serikali ya kikoloni ilipomwagiza kuchora watu wa makabila ya Kenya katika mavazi yao ya jadi. Tunaweza kuihoji nia ya serikali hiyo, na ni haki yetu. Hata hivyo, kila ushanga na kila pambo alilichora kwa uangalifu ule ule aliolichorea jani. Mamia ya picha hizo yalibaki kuwa hazina ya taifa hata baada ya yeye kuuawa huko Shaba tarehe 3 Januari 1980.

Mna funzo hapa kwa walimu na wanafunzi. Mara ngapi mwanafunzi wetu huchora ua kwa kunakili mchoro wa kitabuni, ilhali ua lenyewe limechanua nje ya dirisha la darasa? Anayenakili mchoro hurithi macho ya mtu mwingine, pamoja na makosa yake. Anayechuchumaa mbele ya mmea hujifunza sanaa na sayansi kwa wakati mmoja, tena bila gharama ila penseli na subira.

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja akayatazama yale tunayoyakanyaga kila siku. Yafaa sasa nasi wenyeji tuiname, tuyatazame.